Salamu Maria ya Foleni

Mama yangu anasali haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikia. Si kwamba hampendi Mungu. Anampenda, na wamejuana muda mrefu, ila alijifunzia kusali kwenye foleni ya mpaka, beseni la sambaza, wale dagaa wa Ziwa Kivu, kichwani na msururu wa wanawake nyuma yake wakimsukuma, na anayesali katika hali hiyo hana nafasi ya kuvuta maneno. Salamu Maria yake inaanza, inapita na kuisha kabla hujajua ilikuwa lugha gani. Tulipokuwa watoto kule Bukavu tulikuwa tunamwiga nyuma ya mlango, tukicheka hadi tunakohoa. Alikuwa anatuacha tumalize, kisha anatuchapa wote, mkubwa hadi mdogo.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu sala hiyo ndiyo iliyotaka kumkata mama yangu mguu.

Mguu ni wa kulia. Sukari anayo siku nyingi, na vidonge anameza anapokumbuka, na anapokumbuka huwa yuko upande wa pili wa daraja na vidonge viko nyumbani Mururu, upande wa Rwanda. Mwaka jana kandambili mpya zilimchubua kidole kidogo kwenye mteremko wa Rusizi II, pale daraja la mpaka lilipo. Akapaka mawese, akavaa soksi, akaendelea na biashara yake, sambaza wakavu kwenda, vitenge kurudi. Kidonda kikaoza taratibu ndani ya soksi na yeye hakusema neno. Aliyekigundua ni mimi, kwa pua. Nina pua isiyo na adabu, inanusa mambo ya watu. Kazi yangu ni kushona. Nilikuwa nimepiga magoti nampima sketi, nikamwambia, Mama, hapa kuna kitu kimekufa. Akasema ni panya. Nikamvua soksi kwa nguvu, tukapigana kidogo, na jioni hiyo tukawa hospitali.

Daktari wa wodi alikuwa kijana mstaarabu, mwenye tabia ya kutabasamu anapotoa habari mbaya. Alikiangalia kidole, akaiangalia karatasi ya sukari, akatabasamu. Alisema kidonda hakitafunga huku sukari iko mia tatu na zaidi. Daktari wa upasuaji anakuja wiki inayofuata. Akikuta sukari imeshuka na kidonda kinapona, sawa. Akikuta bado, atakata. Kidole tukiwa na bahati, na tusipokuwa nayo, mguu.

"Weye dokta," mama akamuuliza, "na muguu moja mi nitavuka daraja namna gani?"

Daktari akasema siku hizi kuna magongo mazuri sana. Mama akamtazama kama anavyowatazama watu wa forodha wanaodai ushuru mara mbili.

Mimi sikucheka. Mguu ule ndio uliotulea. Baba alikufa mapema na kwa heshima zote hakuacha kitu, na kila daftari, kila sahani ya wali, kila sare ya shule ilivuka daraja juu ya miguu ile miwili. Tulipohamia upande huu aliendelea kuvuka kila siku, maana alikuwa amebadilisha nyumba tu, soko lilikuwa lile lile. Mama asiyevuka sikuwa namjua. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali, kwa hiyo siku ile nilimgombeza hadi muuguzi akaniomba nitoke nje.

Wiki hiyo hiyo zikaja kalamu.

Kabla ya hapo insulini ilikuwa inatoka kwenye kichupa, muuguzi anavuta kwa bomba, anachoma, anaenda kitanda kingine. Sasa muuguzi mkuu wa wodi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alirudi kutoka mafunzoni, kwenye hoteli yenye chakula kizuri, alituambia menyu yote, akiwa amebeba boksi la kalamu. Zilifanana na kalamu za kuandikia kweli, nene kidogo. Nyuma kuna kitufe unakizungusha kuweka kipimo, mbele unafunga kisindano kifupi kuliko ncha ya pini yangu. Shabaha ilikuwa mgonjwa ajifunze kujichoma mwenyewe akiwa bado wodini, mbele ya macho ya wauguzi, ili akirudi nyumbani asijiue.

Alisimama katikati ya wodi ya wanawake na kutufundisha kwa parachichi. Kalamu ya mafunzo ilikuwa na maji tu. Parachichi lile lilichomwa siku nzima na kila mgonjwa na kila gadi-maladi, ndio sisi tunaolala chini ya vitanda kulinda watu wetu, na jioni mtu akalila na chumvi. Hatukujua ni nani. Hakufa.

Sheria ya kwanza ilikuwa kwamba kalamu ni ya mtu mmoja. Kila mwili wa kalamu ukabandikwa plasta yenye jina la mwenyewe. Mwili, si kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Hii iliwakera wanawake. Wodini kwetu tunaazimana kila kitu, chumvi, makaa, beseni, hata nafasi ya kulala, na anayenyima wenzake anajulikana kesho yake mpaka sokoni Kamembe. Wakauliza, hata tukibadilisha sindano? Muuguzi akasema hata mkibadilisha sindano, maana damu kidogo ya mtu inaweza kurudi ndani ya dawa usiione. Akawauliza kama wanakumbuka mrija mmoja wa pombe uliokuwa unazunguka midomo ya kijiji kizima, hadi serikali ikaukataza. Wakacheka, wakakumbuka, wakakubali. Hapo alinishinda, nikaanza kumheshimu.

Shida ikaja kwenye muda. Ukishabonyeza kitufe hadi mwisho, sindano inatakiwa ibaki ndani ya ngozi, polepole hadi kumi, la sivyo dawa inarudi nje. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa, na hakuna aliyemwambia fundi. Muuguzi akasema basi hesabuni hadi kumi. Sasa nusu ya wodi ile ni wanawake wa biashara. Wanahesabu hadi kumi kama wanavyohesabu mafungu ya nyanya mbele ya mteja mjanja. Walifika kumi yeye akiwa bado anavuta pumzi.

"Haya," akasema, "mtasali. Kila mtu na sala yake fupi. Ukisema Amina, ndiyo unatoa."

Alijaribu mwenyewe kwa Salamu Maria, macho kwenye saa yake ya mkononi. Mwanakwaya yule, alivuta kila neno kama anamsubiri mpiga kinanda. Ilipita kumi vizuri. Ilikuwa akili nzuri, na hadi leo nasema ilikuwa akili nzuri. Hakujua tu kwamba mama yangu yuko kitanda cha dirishani.

Mama akafundishwa, akafaulu kwenye parachichi, akaanza kujichoma. Ila mama yangu haonyeshi tumbo mbele ya watu. Alituzaa sisi wote na sidhani hata baba aliliona. Alikuwa anajifunika kitenge, anaingiza kalamu chini yake, midomo inatikisika, Amina, kalamu imetoka. Muuguzi alikuwa anasimama pale akiona kitenge na midomo. Wodi nzima ya kuhudumia, yeye mmoja, akaona sala imesaliwa, akaandika, akaenda zake.

Kitanda cha jirani yake alikuwa mlokole. Mfanyabiashara wa nguo kutoka Bukavu, mwanamke mnene, mpole, wa kanisa lile la kuimba hadi koo linakauka. Alilazwa upande huu kwa sababu binti yake ameolewa hapa. Yeye sala fupi hakuwa nayo. Akishaingiza sindano alianza na shukrani, akaja kwa wagonjwa, akapita kwa viongozi wa nchi zote mbili, akamwombea mkwe wake apate akili, na ndipo akarudi kwenye tumbo lake. Mimi ningeweza kupinda ukingo wa sketi kabla hajafika Amina. Mama alikuwa anamwangalia kwa huruma.

"Kwani Mungu wake iko kiziwi?" aliniuliza, na hakujisumbua kunong'ona.

Kila asubuhi muuguzi alitoboa vidole na kusoma sukari kwa sauti, kitanda kwa kitanda, siri za watu zikipigiwa kelele kama matokeo ya mpira. Sukari ya mlokole ikaanza kushuka. Siku ya pili ikashuka tena. Ya mama haikushuka. Daktari akatabasamu, akaongeza kipimo. Kesho yake ya mama bado iko kule kule, akaongeza tena.

Watu wakaanza kuona jambo, na waliloliona ni dini. Hakuna aliyelitangaza, lakini asubuhi muuguzi akianza kusoma, kila upande ulikuwa unanyamaza kusikiliza timu yake. Walokole walikuwa wanashinda. Msabato wa pale mlangoni alikuwa anakwenda suluhu. Sisi wa Roma tulikuwa tunafungwa vibaya, na golikipa alikuwa mama yangu. Wageni wa mlokole waliokuja kumwimbia jioni walimtazama mama kwa upole ule wa kuudhi, na mmoja akamwambia kwamba wakati mwingine kuna dhambi iliyofungwa moyoni inayozuia uponyaji. Nilitaka kumrushia sufuria.

Mama, ambaye mbele ya askari wa forodha hajawahi kukiri kosa lolote, akaanza kuzitafuta dhambi. Aliniita karibu, nikadhani anataka maji. Akaniambia kuhusu sambaza wa jana aliouza kama wa leo. Akaniambia kuhusu mwaka ule aliovuka daraja na mimba, miezi mingi sana, na mimba yenyewe ilikuwa vitenge vilivyofungwa kwa kamba.

"Nyinyi bote mulisoma na ile mimba," akasema. "Sasa njo Mungu anabeba muguu yangu juu ya ile?"

Nilimwambia aache upuuzi, na nikatoka nje kulia karibu na mabomba ya maji, ambapo gadi-maladi wote wanaenda kulia wakijifanya wanafua.

Maana mimi nilikuwa na maelezo yangu. Nilikuwa na uhakika anakula sukari. Mwanamke aliyevusha mimba ya vitenge hashindwi kuficha peremende. Nilipekua mto, godoro, begi, mikunjo ya nguo, nikamnyang'anya mandazi aliyoletewa na jirani, nikamwaga chai ya mgeni wa watu kwa sababu ilikuwa na sukari na ilikuwa karibu na mama mno. Nikamwita mwongo. Aligeukia dirisha. Dirisha lile linaangalia ziwa, na ng'ambo ya maji ni Bukavu imeegemea milima yake, na nilijua anatafuta mahali daraja lilipo ingawa kutoka pale halionekani.

Siku moja katikati ya hayo nilifua kitenge chake, kile anachojifunikia, nikasikia harufu. Si jasho, si kidonda. Harufu ya plasta mpya, ya dawa. Nikawaza muuguzi kakimwagia spiriti. Nikakisuuza nikakianika. Kesho yake kilinuka tena, nikamtukana muuguzi kimoyomoyo kwa uzembe.

Jumapili jioni ikafika, daktari wa upasuaji anakuja Jumanne. Sukari ya asubuhi ilikuwa mbaya na kipimo kilikuwa kimepandishwa hadi muuguzi mwenyewe alikirudia mara mbili kabla ya kukiandika. Mvua ilinyesha. Nilikuwa kule nyuma kwenye jiko la wagonjwa nikipuliza makaa mabichi, sombe, majani ya muhogo, iko motoni haitaki kuiva, foleni ya sufuria nyuma yangu, kila mtu na laana zake. Sheria nyingine ya kalamu ilikuwa kwamba chakula kiwe mbele yako kwanza, ndipo uchome. Nilimwambia mama anisubiri.

Yaliyotokea wodini nilihadithiwa baadaye. Mlokole alikuwa amemaliza kula. Alimwona mama amegeukia dirisha, akamhurumia kwa dhati, na nasema kwa dhati kwa sababu nilimjua baadaye na hana unafiki wa aina hiyo. Akamuuliza kama angependa wasali pamoja kwa ajili ya mguu, wakati wa sindano. Siku nyingine mama angempa jibu la sokoni. Siku ile angemkubali hata mganga wa kienyeji na mbuzi wake. Akasema ndiyo. Muuguzi alikuwa kwenye kitanda cha mbali na mgonjwa mpya. Mlokole akaweka mkono mmoja juu ya kichwa cha mama, na mwingine juu ya mkono wake ulioshika kalamu, akabonyeza naye hadi mwisho, akafumba macho, akaanza. Waliokuwepo wanasema ilikuwa sala ndefu kuliko zote alizowahi kusali pale. Wengine walilala.

Nilipoingia na sufuria ya ugali na sombe, mama alikuwa amekaa kitandani, jasho linamtiririka kama aliyetoka mvuani, mikono inatetemeka. Alinitazama asinijue.

"Niache nipite, chef," akaniambia. "Batoto banalala na njaa."

Nilidhani ndicho kifo. Niliweka sufuria chini, sikumbuki wapi, nikamshika mabega, naye akaendelea kuniomba nifungue kizuizi, kana kwamba mimi ni askari wa mpaka. Nimewahi kuogopa mambo mengi, sijawahi kuogopa vile. Nilimwita muuguzi kwa sauti ambayo walisema ilifika wodi ya wanaume. Akaja mbio, akatoboa kidole, akaangalia kimashine.

"Imeshuka sana," akasema. "Sukari. Nipeni sukari sasa hivi, wakati bado anaweza kumeza."

Hakuna aliyejongea. Wodi ile ilikuwa ya watu wa kisukari. Sukari ilikuwa imepigwa marufuku mlangoni, na chembe yoyote iliyopenya niliitafuta na kuitupa mimi mwenyewe wiki nzima, kwa fujo, nikitukana watu. Muuguzi akamtuma mtu kabatini, ufunguo haukuonekana. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu.

Ndipo mlokole akainama. Ilimchukua muda, ni mnene. Akainua ukingo wa godoro lake, akavuta chupa ya soda ya machungwa, yenye rangi kali kama ya kupaka ukutani, imejaa pomoni. Akaifungua kwa meno.

"Ni ya bageni," akasema bila kumtazama mtu.

Hakuna aliyemuuliza ni wageni gani. Tulimnywesha mama kidogo kidogo, muuguzi akimshika kidevu, mimi nikimwita kama mtoto. Nusu chupa. Robo tatu. Muuguzi akatoboa tena. Mama akapepesa macho, akaangalia soda, akaniangalia mimi, akamwangalia mlokole anayelia.

"Mbona muko nalia?" akasema. "Bugali iliungua?"

Tulimlisha ugali wote ule. Mlokole aliamini ameua mtu kwa sala, au karibu. Wengine walianza kuamini vile vile, na niliona wanawake wawili wakimtazama kwa woga mpya, kama mtu mwenye umeme. Muuguzi peke yake hakuwa kwenye dini. Alivuta kiti, akakaa.

"Mama, leo ulichoma namna gani?"

"Alinisalia. Nikangoja Amina."

"Na siku zingine?"

"Siku zingine nasali mwenyewe. Nangoja Amina."

"Hebu sali nisikie," muuguzi akasema, akainua saa yake.

Mama akasali. Muuguzi alikuwa bado anautafuta mshale wa sekunde. Akamwambia, samahani, anza sasa. Mama akamwambia nimeshamaliza. Akarudia, na safari hii muuguzi alikodoa macho kwenye saa tangu mwanzo, na uso wake nikauona unabadilika. Akamuuliza anaanza kusali wakati gani, kabla ya kubonyeza au baada ya kumaliza kubonyeza. Mama akasema anaanza sindano ikigusa tu, maana kazi mbili zinafanywa pamoja, nani ana muda wa kufanya moja moja.

Hapo pua yangu ikanikumbusha. Nilikimbilia kitenge, nikamletea muuguzi bila kueleza. Akanusa. Akanusa tena karibu na pale tumbo linapokaa, akakiweka magotini.

"Hii ni insulini," akasema. "Mama, dawa umekuwa ukimpa kitenge."

Kwa hiyo wiki nzima kitenge ndicho kilichotibiwa. Nadhani hakuna kitenge chenye sukari nzuri kama kile kuanzia hapa hadi Bugarama. Daktari alikuwa anaongeza dawa, mama alikuwa anaimwaga chini ya nguo zake akidhani imeingia, daktari anaongeza tena, hadi jioni moja mtu mwenye sala ya kutosha akaibonyeza yote ndani, na chakula kiko motoni. Mlokole alipoelewa kwamba hakuna aliyemwadhibu mama na hakuna dhambi ya vitenge iliyohusika, alicheka hadi kitanda kikalia. Mama hakucheka. Alinitazama mimi.

"Ulisema niko nakula peremende."

Nikasema nilisema. Nikamwomba msamaha mbele ya wodi nzima, na mimi msamaha siutoi ovyo.

Asubuhi daktari akakirudisha kipimo chini, karibu na kilipoanzia. Safari hii hakutabasamu, na nikampenda zaidi. Muuguzi akatunga sheria upya. Chakula mbele. Kitenge juu, tumbo lionekane, aibu tutaizungumza ukipona. Bonyeza hadi sifuri, ndipo sala ianze, na kila mtu apimwe sala yake kwa saa ya mkononi kwanza, mbele ya muuguzi, hata kama ni padri. Wasabato, walokole, Waroma, wote walipimwa mstarini. Msabato wa mlangoni alikuwa anaruka mstari mzima wa Baba Yetu, akabisha.

Mama ndiye aliyeteseka. Ilibidi afundishwe Salamu Maria kama mtoto wa katekismo. Muuguzi alimshika kifundo cha mkono na kumtajia neno kwa neno, na kila mama alipoanza kukimbia alimbana. Mara ya kwanza kalamu ikiwa tumboni kweli, alivuta maneno moja baada ya jingine kama anayekanyaga mawe ya mto. Akafika mwisho, pale tunapoomba tuombewe sasa na saa ya kufa kwetu. Akasimama. Sindano iko ndani, kidole gumba kiko kwenye kitufe, macho yake yako kwenye ukuta.

"Haya maneno yalikuwaka hapa siku yote?" akauliza.

Mimi nikacheka, peke yangu. Muuguzi akamwambia ndiyo, yalikuwepo. Mama akatikisa kichwa, akasema Amina, akaitoa kalamu. Hakukuwa na tone hata moja kwenye ngozi.

Daktari wa upasuaji akaja Jumanne, mtu wa haraka mwenye viatu vizuri. Sukari ilikuwa imeanza kuteremka. Akakiminya kidole, akanuna, akasema atangoja hadi safari yake inayofuata. Aliporudi alikata kidole kidogo tu, kile cha mwisho. Mama anasema hakikuwa na kazi yoyote na hakuwahi kukipenda. Mguu ulibaki wote. Siku tunaondoka mlokole alimpa mama soda nyingine ya machungwa, ya dharura, na mama akampa kile kitenge. Wanaonana sasa kila wiki upande wa pili wa daraja, na wanabishana kuhusu Bikira hadi wateja wanakimbia.

Mama anavuka tena. Anachechemea kidogo kuteremka, kupanda hana shida. Wanaokuwa naye kwenye foleni wananiambia anasali vile vile kama zamani, mbio, rozari nzima kati ya kizuizi na kizuizi. Sala ya polepole ni ile ya kalamu tu, nyumbani, asubuhi, sahani ikiwa mbele yake.

Chumba chake na sebule vinatenganishwa na rido, pazia tu la kitambaa. Mimi na kanisa tuliachana zamani, bila ugomvi, na sijapiga ishara ya msalaba tangu kipaimara cha mdogo wangu. Lakini kila asubuhi nasimama na birika mkononi, namsikiliza. Anaenda vizuri, neno kwa neno, hadi anafika mahali pale, kwenye saa ya kufa kwetu, na hapo anasimama. Kila siku anasimama. Siku moja juzi alikaa kimya muda mrefu kuliko kawaida, nikaweka birika, nikavuta rido kwa nguvu.

Alikuwa amekaa kitandani, kitenge juu, kalamu tumboni, mzima kabisa.

"Funga rido," akasema. "Sijakufa. Niko napita tu pale."

Nikafunga. Nikabaki nimesimama upande huu hadi aliposema Amina, ndipo nikamimina chai.